Maswali ya wasomaji: jua likizama Lubumbashi, umeme wake tunauweka wapi?

Barua za mwezi huu karibu zote ni za umeme. Sikuzitafuta, zimekuja zenyewe, toka Kenya (komini yetu hiyo, siyo nchi), toka Katuba, Ruashi, Kampemba, paka Kolwezi. Nimechagua sita zinazoshikana, manake ukizisoma vizuri zote zinauliza kitu kimoja, umeme ukishapatikana unakaa wapi hadi ile saa tunauhitaji. Barua nimeziacha vile ziliandikwa.

Jambo yako yaya. Mimi niko mama, nauzisha tomson na kapenta pa soko ya Kenya, nyumbani niko na konjelatera mbili. Kila siku tunaambiwa jua njo itamaliza delestaji, pano, pano, pano. Lakini mimi jua ikizama saa kumi na mbili njo pale umeme unaenda na samaki zinaanza kulegea. Hiyo umeme ya jua bataiweka wapi paka usiku? Ao banatudanganya? (Mama muuza samaki, Kenya)

Mama, hawakudanganyi, ila wanakusimulia nusu ya habari, na ile nusu waliyoiacha ndo yenye kazi yote. Umeme haukai. Siyo kama unga wa bukari, kwamba utauweka kwa mfuko uchote kesho. Kwenye nyaya, kinachozalishwa sekunde hii lazima kitumike sekunde hiihii, kikipungua mashine zinaanza kuchoka, zikichoka sana zinajizima zenyewe, ndo ile unaona taa zinafifia fifia halafu ghafla giza kartye nzima. Kwa hiyo ukitaka kuuweka ni lazima kwanza uugeuze kuwa kitu kinachokaa: maji yaliyopandishwa juu ya mlima, dawa ndani ya batri, chumvi iliyochemshwa ikayeyuka, hata barafu. Saa ya kuutumia ikifika unaugeuza tena.

Na shika hili kabla hatujaenda mbele, depo ya umeme haizai umeme. Inauhamisha tu, toka saa sita ya mchana ambapo jua linamwagika bure na watu wengi wako kazini, hadi saa mbili ya usiku ambapo kila nyumba imewasha taa, televizyo na rescho. Tena safari hiyo ina nauli. Tunasema akiba haiozi, lakini ya umeme inaoza kidogo: ukiingiza 100 kwenye batri nzuri utatoa kama 85 ao 90, ukipandisha maji mlimani utarudishiwa kama 75 ao 80.

Je, inafanyika kweli? Inafanyika. Kuna fasi inaitwa Kenhardt, Northern Cape, kule Afrika Kusini, wametandika pano (zile sahani za kukamata jua) za megawati 540 na batri za megawati-saa 1140 (tofauti ya namba hizo nitaieleza kwa Papa wa Ruashi), ilianza kazi mwisho wa 2023, na kazi yake ni kutoa megawati 150 kuanzia saa kumi na moja ya alfajiri hadi saa tatu na nusu ya usiku. Mama, hizo ndo saa za konjelatera zako. Lakini angalia namba vizuri: pano 540 ili upate 150 ya kutegemea. Kiongozi akija kwenu akasema nimeleta sola ya megawati kadhaa, muulizeni ni megawati za saa ngapi. Na kule California, Marekani, jioni moja ya Aprili 2024 batri zilitoa umeme mwingi kuliko chanzo kingine chochote cha jimbo lile, kwa muda, jua likiwa limeshazama. Miaka kumi nyuma ungesema hivyo wangekucheka.

Sasa nikurudishe nyumbani kwako, juu ya depo unayo tayari. Niliwahi kukaa kwa mama mmoja wa Kamalondo mwenye kazi kama yako, konjelatera yake ilikuwa nzee, mlango umefungwa na kamba ya mpira, lakini ndani alikuwa amepanga chupa za plastiki za maji pande zote na juu ya samaki. Umeme ukiwepo chupa zinaganda, umeme ukienda zinayeyuka polepole na kuvuta joto, samaki wanabaki wagumu paka asubuhi. Nilifanya hesabu: lita 20 za barafu zikiyeyuka zote zinameza joto la karibu kilowati-saa 1.9. Kwa konjelatera ya kawaida hiyo ni sawa na kuokoa karibu kilowati-saa nzima ya umeme, yaani karibu kile ambacho batri moja ya jeli ya volti 12 na amperi 200 inaweza kukupa bila kuiharibu, na bei ya batri hiyo unaijua mwenyewe. Weka chumvi konzi moja kwa kila chupa ili igande kwa baridi kali zaidi kuliko maji matupu, acha nafasi juu sababu barafu inavimba, chupa nyingine zikae juu maana baridi inashuka, na usiku usifungue mlango kila mtoto anapotaka maji ya baridi.

Yaya, niko mwanafunzi wa politeknike hapa UNILU. Mwalimu alitufundisha kwamba dunia imehifadhi umeme kwa maji kuliko kwa batri. Sisi Katanga tuko na Mwadingusha, Koni, Nzilo, Nseke. Hizo si stoki tayari? Juu ya nini tununue batri za Wachina? (Mwanafunzi)

Mdogo wangu, swali lako ndo zuri kuliko yote na hapa nitakaa.

Mwalimu wako amesema kweli. Kwa miaka mingi zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za umeme uliohifadhiwa duniani zimekuwa maji ya kupandisha. Unachimba ziwa moja juu na lingine chini, umeme ukizidi pampu zinapandisha, umeme ukipungua maji yanashuka na mashine zilezile zinazunguka kinyume. Afrika Kusini wana Ingula kwenye milima ya Drakensberg, megawati 1332 kwa mashine nne, ilikamilika 2017. China wana Fengning, megawati 3600, mashine zake 12 zote zilikuwa zinafanya kazi mwisho wa 2024, hakuna kubwa kuliko hiyo.

Lakini ujue maji ni mazito kwa kubeba na mepesi kwa umeme. Chukua bidoni 50 za lita 20, zipandishe mita 100, mlima mzima huo, halafu uzimwage zote: umepata kilowati-saa 0.27, taa tano za wati 9 kwa saa sita, basi, tena hapo sijatoa hasara ya mashine. Ndo maana kazi hii inataka ziwa, haiwezi kufanywa na tanki la juu ya nyumba kama wengine wanavyoniandikia.

Sasa mabwawa yetu. Mwadingusha ni ya 1930 hivi, iko kwenye Lufira na ndo iliyozaa ziwa Tshangalele. Koni ya 1950 iko chini yake mto huohuo, kwa hiyo maji yaleyale yanafanya kazi mara mbili. Nzilo na Nseke ziko kwenye Lualaba, zote za miaka ya 1950, na siku hizi kuna Busanga vilevile kwenye Lualaba, megawati 240. Hakuna hata moja yenye pampu ya kurudisha maji juu. Maji yanashuka hayarudi. Kwa hiyo ukiuliza kama ni depo, mimi nasema ndiyo, ni depo yenye mlango wa kutokea tu, na mlango huo njo utajiri wetu.

Fikiria hivi. Leo mashine za Nzilo zinazunguka mchana na usiku juu hakuna kingine. Weka pano za kutosha kwenye nyaya zilezile. Saa nne asubuhi jua linapanda, unapunguza maji yanayopita kwenye mashine, ziwa linabaki na maji yake. Saa kumi na mbili jioni jua likienda unafungua yote. Hukupandisha tone moja, hukununua batri, hukulipa ile nauli ya 20 kwa 100, umeacha tu kumwaga. Kwangu hiyo ndo hifadhi rahisi kuliko zote ambazo Katanga inaweza kupata, na inaniuma kwamba kila mkutano wa nishati ninaofuatilia watu wanaruka moja kwa moja kwenye makontena ya batri kama vile hapa hakuna kitu.

Tena angalia majira yetu. Toka Mei paka Oktoba hapa hakuna wingu, jua linapiga kutwa nzima, na njo wakati huohuo mito inapungua na maziwa yanashuka. Mvua zikianza Novemba mawingu yanafunika jua lakini maji yanajaa. Vinapokezana wenyewe, mwenzake akichoka huyu anasimama. Waulize jirani zetu wa Zambia. Walitegemea mabwawa karibu peke yake, Kariba ikiwa mojawapo ya makubwa, ukame wa 2024 ukaja, ziwa la Kariba likashuka hadi mashine zikakosa maji, nchi ikakaa giza saa nyingi kwa siku, na hata migodi ya kwetu inayonunua umeme ng'ambo ya Kasumbalesa ikasikia. Kama wangekuwa na jua la kutosha mchana, kila saa ya jua ingekuwa saa ya maji iliyobaki ndani ya Kariba.

Mipaka iko, sitakuficha. Kwanza huwezi kutoa jioni kuliko mashine zinavyoweza: Mwadingusha ni kama megawati 70, Koni 42, Nzilo 108, Nseke karibu 250, zijumlishe zote bado migodi peke yake inataka zaidi. Pili, Tshangalele ni ziwa la maji mafupi, udongo unaingia kila mvua, na kila sentimita ya udongo ni umeme uliopotea. Tatu kuna watu. Wavuvi wa Kapolowe wanaishi kwa lile ziwa, samaki wa Mama aliyeandika hapo juu wengine wanatoka huko, na ukifunga maji mchana ukayaachia ghafla usiku, mwenye shamba na mwenye mtumbwi huko chini ndo anaumia wa kwanza. Hiyo inapangwa nao, siyo juu yao. Batri inakuja baada ya hapo, kwa kazi ambayo maji hayawezi, na nitaieleza kwa Papa wa Ruashi.

Halafu Inga, yale mabwawa ya mto Kongo kule magharibi, wengi wananiandikia kwamba itahifadhi. Inga haina ziwa kubwa la kuweka maji, inakamata mto unavyopita. Bahati yake ni kwamba mto Kongo unapata mvua pande zote mbili za ikweta, kusini ikikauka kaskazini inanyesha, kwa hiyo mto hauchoki sana. Ila toka kule hadi Kolwezi ni waya wa kilomita zaidi ya 1700, wa 1982, na huo waya ukikatika hata mto ujae vipi hapa hatuoni kitu.

Mimi nachimba kobalti huku Kolwezi, miaka kumi na moja. Tunaambiwa tunachimba juu ya batri za kuokoa dunia. 2025 wakafunga kobalti isitoke, tukalala njaa. Naomba ukweli: hizo batri kubwa za kuweka umeme ya miji ziko na kobalti yetu? Na kama iko, mbona sisi tuko giza? (Mchimbaji, Kolwezi)

Ndugu yangu, nitakujibu vile ningemjibu mdogo wangu wa damu: nyingi hazina.

Kobalti ilikuwa mama wa batri hizi, hilo hakuna wa kulikataa. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake huko Oxford ndo walionyesha kwamba oksidi ya kobalti inaweza kushika litiamu na kuiachia, 1991 Sony wakaanza kuuza batri za namna hiyo, na 2019 Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino wakapewa Nobel ya kemia. Simu uliyoandikia barua hii karibu hakika ina kobalti, na dunia inapata zaidi ya 70 kwa 100 ya kobalti yake toka kwenye nchi yetu. Magari mengi nayo yanatumia mchanganyiko wa nikeli, manganizi na kobalti.

Lakini gari linataka batri nyepesi. Batri ya mji haiendi popote, inakaa chini ndani ya kontena, iwe nzito haidhuru, wanachotaka ni bei na kudumu miaka. Kwa hiyo wamehamia kwenye litiamu na fosfati ya chuma, wenyewe wanaiita LFP, haina kobalti wala nikeli hata kidogo, na inaweza kujazwa na kumalizwa mara elfu kadhaa. Nayo ilitoka kwenye maabara ya Goodenough yuleyule, miaka ya 1990. Sasa Wachina wanasukuma hata batri za sodiamu, ile iliyo ndani ya chumvi ya kupikia. Bei imeanguka vibaya: 2010 kilowati-saa moja ya batri za litiamu ilikuwa zaidi ya dolari 1000, mwaka 2024 wastani ulikuwa 115. Sehemu ya kuanguka huko imetoka kwa kukimbia madini ya bei kama ya kwako.

Nasema hivi si kukuvunja moyo, nataka mtu asikuuzie matumaini ya uongo. Serikali iliposimamisha kobalti Februari 2025, na Oktoba ikaja na kota, ilikuwa inajaribu kupandisha bei iliyokuwa chini sana, lakini kila bei ikipanda mwenye kiwanda naye anapata sababu nyingine ya kutafuta batri isiyo na kobalti. Shaba ni habari tofauti. Pano, makontena ya batri, transfo na nyaya nyingi zinazotoka humo vinakula shaba, na shaba hiyo iko chini ya miguu yako. Litiamu nayo tunayo, Manono, jimbo la Tanganyika. Mtoto wako akiuliza asome nini, mwambie umeme, batri na shaba.

Mbona giza? Hapo hapo karibu na wewe, mgodi wa shaba wa Kamoa-Kakula, 2025 wameandikishana mkataba wa pano zaidi ya megawati 200 na batri zaidi ya megawati-saa 500, ili mgodi upate megawati 30 zisizokatika, usiku na mchana. Sikatai, mgodi ukijitegemea unaacha kuvuta umeme wa wote na unazima gurupe (jenereta) za mazuti. Ila zile megawati zinazoachwa kwenye waya lazima tujue zinaenda wapi. Kama zinaenda kwa mgodi mwingine, mwenye kuchimba atabaki na kandili. Hilo swali mliulize kwa sauti, na mliulize kabla mikataba inayofuata haijasainiwa.

Muandishi, mimi ni muzee wa Ruashi. Kwa nini serikali haileti batri moja kubwa sana iwekwe hapa Lubumbashi, delestaji iishe? Inataka akili gani? (Papa, Ruashi)

Papa, batri ina namba mbili na watu wanatajiwa moja tu. Fikiria tanki na robine. Megawati ni ukubwa wa robine, megawati-saa ni ukubwa wa tanki. Ile ya Hornsdale, Australia, iliyopigiwa kelele dunia nzima mwisho wa 2017, ilikuwa robine ya 100 na tanki la 129, yaani ukifungua yote inakauka kwa saa moja na kidogo. Ni ndogo kwa usiku mzima, lakini haikuwekwa kwa usiku mzima, iliwekwa kwa ajili ya haraka. Desemba ya mwaka huo mashine moja ya makaa ya mawe ikaanguka ghafla, megawati 560, mbali na pale karibu kilomita 1000, na ile batri ikajibu kabla hata sekunde haijaisha. Maji hayawezi hivyo, mlango wa bwawa unachukua muda kufunguka. Sasa wewe unategemea ule waya wa kilomita zaidi ya 1700 toka Inga. Waya ukitikisika, ile nusu sekunde ndo inaamua kama Katanga yote inazimika ao taa zinapepesa tu. Kama ni mimi ninayepanga, batri ya kwanza ya jimbo hili ingekuwa ya kazi hiyo.

Kwa jioni unataka tanki kubwa. Tufanye hesabu, robine 100 na tanki 400: kila nyumba ikitumia wati 500, ni nyumba 200,000 kwa saa nne. Siyo kidogo. Lakini tanki linajazwa na nini? Kama mchana wenyewe umeme hautoshi, unahamisha njaa toka usiku kwenda mchana. Pano kwanza ao pamoja, hapo sawa.

Na kuna jambo ambalo linaniuma mimi mwenyewe. Avenyu yetu kabini (ile transfo ya kartye) iliungua, tulisikia mlio, tukaona moshi mweupe, mafuta yakamwagika chini hadi kwenye mfereji. Tulikaa wiki saba. Waliotakiwa kuja walikuja kuangalia, wakaandika, wakaondoka, mwishoni kila nyumba ikachanga, mjane na mwenye duka sawasawa, na kabini iliyoletwa ni ndogo kuliko watu walioungwa. Siku hizo zote hata Inga nzima ingekuwa inalala ndani ya batri hapo mjini, kwetu isingefika. Tulipikia makala asubuhi na jioni, na kila mfuko wa makala ni miti ya porini iliyosimama kilomita nyingi toka hapa, na kila mwaka inakuwa mbali zaidi.

Kwa hiyo Papa, mimi ningesema zigawanywe. Badala ya moja kubwa, weka batri za wastani pembeni ya kabini za kartye. Usiku wa manane na mchana waya mwembamba unazijaza polepole, jioni zinamwaga karibu na nyumba, waya na kabini havichomwi na ule mzigo wa saa moja hadi saa nne. Goma walionyesha kitu cha jamii hiyo 2020, pano za megawati 1.3 kule Ndosho, na batri zake, na nyaya zake mpya hadi nyumbani. Ni kadogo ukilinganisha na mji wetu, lakini waliowasha taa pale wanajua thamani yake.

Nimeona video batri kubwa inaungua Marekani, moshi mweusi, watu wanakimbia. Mnataka kutuletea hiyo Kampemba? (Baba wa watoto wanne)

Ile ni Moss Landing, California, Januari 2025, na watu zaidi ya elfu moja waliambiwa watoke majumbani. Uoga wako una haki. Batri zile zilikuwa za ule mchanganyiko wa nikeli na kobalti, na zilikuwa zimepangwa zote ndani ya jengo moja lililofungwa, moto ukianza hakuna pa kuuzuia. Za LFP ni ngumu zaidi kushika moto, na siku hizi zinawekwa nje, kontena mbalimbali na nafasi kati yake ili moja likiungua liungue peke yake. Ukisikia mradi kwenu uliza vitu viwili: ni za namna gani, na kontena moja na lingine ziko mita ngapi, nyumba ya kwanza mita ngapi. Wakikosa majibu, kataeni.

Yaya niko sudera hapa Katuba, atelie ndogo, milango na madirisha. Delestaji imeniua, gurupe inakula esansi kuliko faida. Nataka batri. Mtu ananiuzia mbili za gari, bei nzuri. Nichukue? (Sudera, Katuba)

Usichukue. Batri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, gari liwake, basi. Ukiimaliza hadi chini kila siku kwa kuunga vyuma, baada ya miezi michache imekufa na pesa yako nayo.

Twende kwenye kazi yako. Posti yako, ile mashine ya kuunga vyuma, ukiiweka amperi 100 inavuta kama kilowati 3 wakati cheche inawaka. Lakini cheche haiwaki saa nzima, unapima, unapiga nyundo, unabadilisha bageti. Tuseme inawaka dakika 25 kwa kila saa, umetumia kama kilowati-saa 1.25. Batri moja ya LFP ya volti 51 na amperi 100 inabeba kilowati-saa 5, kwa hiyo unapata kama saa tatu na nusu za kazi ya kweli, na kama jua lipo pano zinaijaza huku unaendelea. Mashine ya kukatia chuma uitumie saa tano hadi saa nane, jua likiwa juu, batri uiachie kumalizia jioni.

Kama posti yako ni ile ya bobine kubwa nzito iliyosukwa hapahapa kwa waya wa shaba, ibadilishe kwanza. Inavuta mara mbili na inapoanza inapiga teke ambalo konvertisa (ile inayogeuza umeme wa batri uwe kama wa nyumbani) haistahimili, wenzako wawili Katuba wamechoma konvertisa mpya wiki ya kwanza kwa sababu hiyo. Tafuta zile ndogo za elektroniki unazobeba kwa mkono mmoja, na konvertisa isiwe chini ya kilowati 5.

Na siku ya kununua usiende na pesa peke yake. Beba posti yako, beba vipande viwili vya chuma na bageti kumi, mwambie muuzaji aunganishe batri na konvertisa anazokuuzia, usude zote kumi hapohapo mbele yake mfululizo. Ikizima kwenye ya nne, mrudishie vitu vyake uende kwa mwingine.